UZI: Alikuja Nairobi kutafuta pangusa na kisonono, akakutana na UKIMWI. Kazi ya Frank Plummer pale Majengo

Mzee wa Agari (mleta uzi)

Wakuu, kwenye ule uzi wa chanjo kuna ndugu kaandika kwamba mwanasayansi anayesoma kisonono na kaswende ni yule aliyekosa nafasi kwenye utafiti wa maana. Sikumjibu kule maana jibu ni refu na lingevuruga mada ya watu. Nalishusha hapa vipande vipande. Mimi ni mtu wa maabara, benchi la bakteria, kwa hiyo mkiona nakaa sana kwenye mambo ya kuotesha vimelea mnivumilie.

Frank Plummer alizaliwa Winnipeg, Kanada, mwaka 1952, akasomea udaktari Chuo Kikuu cha Manitoba. Ukimtafuta mtandaoni utakuta VVU, SARS, Ebola. Lakini alipopanda ndege kuja Nairobi mara ya kwanza mwaka 1981, VVU vilikuwa havijagunduliwa. Alikuja kwa ajili ya pangusa.

Vijana wengi wa sasa pangusa hawaijui hata kwa jina. Ni kidonda laini sehemu za siri, kinauma vibaya, kina usaha, na mara nyingi mtoki unavimba mpaka kupasuka. Kidonda cha kaswende kwa kawaida hakiumi na kingo zake ni ngumu. Hapo ndipo wazee wetu wa kliniki walipokuwa wakitofautisha kwa vidole kabla ya kipimo. Bakteria wa pangusa anaitwa Haemophilus ducreyi, kwa jina la Augusto Ducrey wa Naples. Mwaka 1889 Ducrey alichukua usaha wa kidonda cha mgonjwa akaupandikiza kwenye ngozi ya mkono wa mgonjwa huyohuyo, kikatoka kidonda kipya, akarudia tena na tena mpaka akabaki na bakteria wa aina moja tu. Leo ukiomba kibali cha kamati ya maadili kwa utafiti wa namna hiyo watakufukuza.

Sasa kwa nini Winnipeg? Mji ule wa baridi ulipata mlipuko wa pangusa katikati ya miaka ya 1970, jambo la nadra kwa Kanada. Dk. Allan Ronald na wenzake wakalazimika kujifunza kumwotesha ducreyi vizuri. Huku Nairobi, Prof. Herbert Nsanze, aliyekuwa akiongoza idara ya mikrobiolojia ya tiba Chuo Kikuu cha Nairobi, alikuwa na wagonjwa wa vidonda tele na alihitaji watu wanaomjua mdudu huyo. Wakaunganishwa, na mwaka 1980 ushirikiano wa Manitoba na Nairobi ukaanza. Plummer alikuwa mwanafunzi wa Ronald.

Naendelea baadaye. Uzi tayari.

Kipara wa Ilala

Siti ya mbele kabisa. Lete nyama mkuu.

Bint Likoni

Nafuatilia. Ila mtu wa maabara, tueleze kwa lugha ya sisi tusio wa maabara. Kumwotesha mdudu kuna ugumu gani? Si unaweka kwenye kisahani unasubiri?

Mzee wa Agari

Dada Bint, bakteria wa tumbo kama E. koli hata ukimtupa kwenye supu anaota. Hawa wa via vya uzazi ni wateule. Ducreyi anataka damu ndani ya agari yake (ile jeli tunayooteshea), anataka unyevunyevu, na anataka joto la nyuzi 33 hivi. Ukimweka kwenye inkubeta ya nyuzi 37 pamoja na wenzake anakususia. Pia unamwekea vankomaisini kwenye agari ili bakteria wengine wa kidondani wasimfunike. Akikubali kuota anakupa koloni ngumu ya ajabu: ukiigusa kwa kitanzi cha waya haimeguki, inateleza juu ya agari ikiwa nzima. Mtu akishaiona mara moja haisahau.

Gonokoki wa kisonono naye hapendi ukavu wala ubaridi. Pamba yenye sampuli ikikaa muda mrefu kabla ya kufika maabara, ameshakufa. Anaota kwenye agari ya chokoleti, ambayo haina chokoleti hata chembe, ni damu iliyopashwa moto mpaka chembe zake zikapasuka na rangi ikawa kahawia. Na anataka hewa yenye kaboni dayoksaidi. Kliniki isiyo na inkubeta ya gesi hufanya hivi: sahani zinapangwa ndani ya mtungi, mshumaa unawashwa humo, mfuniko unabanwa, mshumaa unajizima wenyewe kwa kukosa oksijeni. Gesi iliyobaki inamtosha gonokoki. Kwa mtungi na mshumaa watu wameandika makala za majarida makubwa duniani.

Turudi kwa Plummer. Wanaume wenye vidonda walikuwa wakija kliniki ya magonjwa ya zinaa ya jiji, ile Wanairobi wanaiita Casino. Wakaulizwa: uliipata wapi? Wengi wakataja wanawake wanaouza ngono, na njia nyingi zikaishia Majengo, mtaa wa Pumwani. Makala ya pangusa ya Nairobi ikatoka kwenye jarida la tiba la Lancet mwaka 1983. Wenzake wakapima na wanawake wenyewe: mwaka 1985 ikachapishwa kwamba kwa wale wa tabaka la chini, asilimia 46 walikutwa na kisonono sampuli zao zilipooteshwa. Karibu nusu, tena wengi bila dalili yoyote.

Hapo ndipo Plummer alipopata swali lake la kweli. Mwaka 1984 alirudi Nairobi kukaa, na familia. Swali lilikuwa hili: mwanamke anayepata kisonono mara kwa mara, je, mwili wake haujifunzi? Kama kuna mtu duniani anayeweza kuonyesha kinga dhidi ya gonokoki, ni yule aliyekutana naye mara nyingi kuliko wote. Na ukiipata kinga hiyo, umepata mwanzo wa chanjo.

Nesi Mstaafu

Mimi nilifanya kazi kliniki za mama na mtoto Nairobi miaka hiyo, sikuwa Majengo. Naomba niongeze jina ambalo watu huliacha. Bila Elizabeth Ngugi hao madaktari wangeota nini? Alikuwa muuguzi, baadaye akawa profesa wa afya ya jamii. Yeye ndiye aliyeingia Majengo, akakaa na wale akina mama, akaita baraza, wakachagua viongozi wao wenyewe. Mwanamke hatoki kwake aende kupanuliwa miguu na mtu asiyemjua mara kwa mara kwa sababu tu kuna utafiti. Anaenda kwa sababu anaheshimiwa na anatibiwa. Mipira ya kiume ilipoanza kugawiwa, ni hao viongozi waliowafundisha wenzao jinsi ya kumlazimisha mteja. Ripoti yake ya 1988 ilionyesha matumizi ya mipira yamepanda sana.

Na tuwe wakweli: kwenye makala za wakati ule wanawake hao waliandikwa kama chanzo cha ugonjwa. Wanaume waliowapelekea waliandikwa kama wagonjwa.

Mzee wa Agari

Shikamoo mama. Hapo umenisaidia, nilikuwa naelekea huko lakini nisingeliweka kwa uzito huo.

Nesi Mstaafu

Marahaba mwanangu. Endelea.

Mzee wa Agari

Sasa 1985. Kikundi cha wanawake wa Majengo wanaofuatiliwa kimeshaanza, damu zinachukuliwa kwa ajili ya kutafuta kingamwili za kisonono na magonjwa mengine ya bakteria. Kipimo cha VVU kilikuwa ndiyo kwanza kimetoka. Wakaamua kupima na hicho. Fikra za wengi wakati huo zilikuwa kwamba UKIMWI ni ugonjwa wa mashoga wa Marekani na watu wachache wa Afrika ya Kati.

Majibu yakatoka: theluthi mbili ya wanawake wa kipato cha chini walikuwa na virusi. Joan Kreiss, aliyekuwa nao kutokea Seattle, aliandika makala ya New England Journal of Medicine mwaka 1986: asilimia 66 kwa hao, asilimia 31 kwa wanawake wa kipato cha juu zaidi, asilimia 8 kwa wanaume wa kliniki ya zinaa.

Angalieni mtiririko. Hakuna mtu aliyeamka Winnipeg akasema twende Kenya tukatafute UKIMWI. Damu ilikuwa tayari kwenye friji kwa sababu ya gonokoki. Wanawake walikuwa tayari wanakuja kwa sababu ya kutibiwa kisonono. Na wale wa kliniki ya Casino walikuwa tayari wanafuatiliwa kwa sababu ya ducreyi, ndiyo maana mwaka 1989 kundi hilo liliweza kuonyesha kwamba mwanaume mwenye kidonda, na asiyetahiriwa, anapata VVU kutoka kwa mwanamke kwa urahisi mno. Mwaka 1991 Plummer akaonyesha upande wa pili: mwanamke mwenye vidonda au klamidia naye hatari yake inapanda. Kidonda ni mlango wazi, na uvimbe wa mlango wa kizazi unaita pale chembe za kinga ambazo ndizo chakula cha virusi. Utafiti wa tohara wa Kisumu uliochapishwa 2007 ulikuwa na Stephen Moses wa Manitoba na Prof. Ndinya-Achola wa Nairobi ndani yake. Ni mzizi uleule.

Mkolani Boy

Mkuu, hapa Mwanza tusisahaulike! Mwaka 1995 ule utafiti wa vijiji 12 ulionyesha ukitibu magonjwa ya zinaa vizuri kwenye zahanati za kawaida, maambukizi mapya ya VVU yanashuka kwa asilimia 40 hivi. Ndio ulioithibitisha hoja ya Plummer.

Mzee wa Agari

Umenikumbusha vizuri, ila usishangilie haraka. Jamii zilikuwa 12, sita zikapata huduma iliyoboreshwa, sita zikasubiri. Kushuka kulikuwa kwa kweli. Lakini Rakai, Uganda, miaka minne baadaye, wakatoa matokeo yao: waliwapa watu wote dawa kila baada ya miezi kumi, mwenye dalili na asiye nazo, na VVU havikushuka. Watu wamegombana miaka kuhusu tofauti hiyo. Mimi naegemea upande wa wanaosema Mwanza mlipuko wa VVU ulikuwa bado mchanga na mgonjwa alitibiwa siku alipougua, wakati Rakai virusi vilikuwa vimeshasambaa sana na kati ya dozi moja na nyingine mtu ana muda wa kutosha kuambukizwa upya. Kwamba magonjwa ya bakteria yanafungua njia, hilo halijaanguka. Kilichoanguka ni matumaini kwamba dawa za bakteria peke yake zitaizima UKIMWI.

Mzalendo_K

Mnasifia wazungu tu. Huyo Plummer alikufa Nairobi Februari 2020, ghafla, wakati korona inaanza. Alikuwa mkuu wa maabara ya Winnipeg walikoibiwa virusi na Wachina. Kwa nini hamsemi aliuawa?

Mzee wa Agari

Nilijua utafika tu mkuu.

Alifariki Nairobi tarehe 4 Februari 2020, akiwa na miaka 67, hilo ni kweli. Alikuwa amekuja kwenye maadhimisho ya miaka 40 ya ushirikiano wa Manitoba na Nairobi. Wenzake waliokuwepo walisema inaonekana ni moyo. Na alikuwa mtu mgonjwa: pombe ilimharibu ini akabadilishiwa lingine, na baadaye alikubali kuwekewa vifaa vya umeme kwenye ubongo, jaribio la kutibu uraibu, akalisema hadharani mwenyewe. Ukurugenzi wa ile maabara ya taifa ya Kanada aliuacha mwaka 2014. Ile hadithi ya kuibiwa korona na kuuawa ilitengenezwa na tovuti za uzushi zilizounganisha vitu visivyohusiana. Ushahidi wake haupo.

Ungeniambia tuzungumze kuhusu nani alinufaika na Majengo, hapo tungekuwa na mazungumzo.

Bint Likoni

Basi tuzungumze hilo. Wale akina mama walipata nini?

Mzee wa Agari

Matibabu ya bure ya magonjwa ya zinaa, mipira, na kliniki iliyobaki wazi. Si haba ukilinganisha na tafiti nyingi za wakati huo. Lakini dawa za kufubaza VVU zilifika kwa wingi Kenya miaka ya katikati ya 2000. Hesabu mwenyewe kutoka 1985. Wengi wa waliotoa damu ile ya kwanza hawakuziona.

Halafu kuna wale wachache ambao, pamoja na kazi hiyo kwa miaka, hawakuambukizwa. Keith Fowke, Plummer na wenzao waliwaandika mwaka 1996. Dunia nzima ikaja mbio. Chembe zao za kinga zilionekana kuzitambua chembe zilizoingiwa na virusi na kuziua. Chanjo ikabuniwa kwa wazo hilo, Oxford na Nairobi, na ikaanza kujaribiwa Nairobi mwaka 2001. Kabla ya hapo, mwaka 2000, palizuka ugomvi: hatimiliki ilikuwa imeandikishwa na upande wa Uingereza bila Wakenya. Wakaja kukubaliana kugawana. Chanjo yenyewe ilitoa mwitikio hafifu ikaachwa. Prof. Job Bwayo, mtaalamu wa mikrobiolojia aliyeiongoza kazi hiyo upande wa Kenya, aliuawa na majambazi wa magari Februari 2007. Mzalendo, huyo ndiye ungemlilia.

Na jambo ambalo mimi linanisumbua mpaka leo: mwaka 2001 iliripotiwa kwamba baadhi ya wanawake hao waliokuwa wakistahimili, walipopumzika na kazi kisha wakairudia, ndipo walipoambukizwa. Inaelekea kinga ile ilikuwa ikilishwa na kukutana na kirusi kila mara. Mwanamke kaacha kazi kwa muda, kafanya kila tunachomhubiria, na ndicho kilichomponza.

Kipara wa Ilala

Duh. Hiyo ya mwisho imenikaa vibaya.

Swali mkuu: na kisonono chenyewe? Lile swali lake la kwanza alilijibu?

Mzee wa Agari

Asante kwa kuuliza, maana ndiyo sehemu ninayoipenda na hakuna anayeiandika.

Alilijibu nusu. Mwaka 1989 walionyesha kwamba kuna kinga, lakini ni ya aina ileile ya gonokoki uliyowahi kuugua. Akija wa aina nyingine, unaanza upya. Gonokoki hubadilisha ngozi yake ya nje kama mtu wa magendo anayebadilisha namba za gari: vinywele vyake vinapangwa upya ndani ya mwili wa mgonjwa mmoja, kingamwili zikishamjua ameshakuwa mwingine.

Sasa mtu angesema basi tumshike kwa kitu asichobadilisha. Kipo, protini ya utando inayoitwa Rmp. Inafanana karibu kwa gonokoki wote. Unaona chanjo hapo? Plummer akapima damu za Majengo, na mwaka 1993 akachapisha matokeo kinyume kabisa: wanawake wenye kingamwili za Rmp waliambukizwa kisonono ZAIDI. Kingamwili hizo zinaganda juu ya bakteria na kuzizuia zile nyingine zisimuue. Mdudu anakuonyesha shabaha, ukiipiga unamkinga. Yeyote anayetengeneza chanjo ya kisonono leo lazima ajue habari hiyo, na ilitoka kwenye damu za Pumwani.

Wengine wakafuata mkondo huo kwa klamidia. Mwaka 1996 Joshua Kimani na wenzake waliandika kuhusu wanawake walewale: kwa nini klamidia kwa mmoja inaishia kwenye mlango wa kizazi, kwa mwingine inapanda mpaka mirija ya uzazi na kumwachia makovu? Walikuta kingamwili za mwili dhidi ya protini mojawapo ya klamidia zinaambatana na madhara hayo. Wale akina mama wanaoitwa tasa, wengine wao hawakuwahi hata kujua waliambukizwa.

Na hadithi ya chanjo imechukua njia ya pembeni. New Zealand waliwachanja vijana dhidi ya uti wa mgongo, wa bakteria ndugu yake gonokoki, na mwaka 2017 ikaripotiwa kwamba waliochanjwa walipata kisonono pungufu kwa asilimia 31 hivi. Agosti 2025 Uingereza ikaanza kutoa chanjo ya jamii hiyo kwa walio kwenye hatari kubwa ya kisonono. Ni kinga ya nusu nusu, lakini ni kinga.

Mkolani Boy

Na hii ya kumeza doksi (doksisaiklini, dawa ya bakteria) baada ya tendo? Jamaa zangu wanameza kama njugu.

Mzee wa Agari

Kwa wanaume wanaojamiiana na wanaume huko Marekani imefanya kazi vizuri kwa kaswende na klamidia. Kisumu wakaijaribu kwa wanawake vijana 449 waliokuwa tayari kwenye PrEP (dawa za kujikinga na VVU), na haikuonyesha faida. Walipopima nywele zao wakakuta dawa kwa chini ya theluthi ya sampuli. Yaani wengi hawakuimeza. Kwa hiyo bado hatujui ingewasaidia kiasi gani kama wangeimeza. Lakini kisonono cha huku kimeshazoea dawa za jamii hiyo, hao jamaa zako kwa kisonono wanajidanganya.

Chuo Mwaka wa Pili

Shikamooni wakubwa. Mimi nasoma sayansi ya maabara na nilikuwa nimeamua kwenda kwenye molekyula kwa sababu wenzangu wanasema kuotesha ni mambo ya kizamani, PCR (kipimo cha vinasaba) inatoa jibu saa mbili. Bado kuna kazi kwenye benchi la bakteria?

Mzee wa Agari

Marahaba kijana. Nenda kwenye molekyula, sikuzuii, ila usiache benchi. PCR inakwambia gonokoki yupo. Haikwambii vizuri dawa gani bado inamuua, kwa hilo unamhitaji akiwa hai kwenye sahani, na diski za dawa juu yake. Kila maabara inayofunga benchi la kuotesha inapoteza macho ya kuona usugu wa dawa. Seftriaksoni ndiyo tegemeo letu la mwisho la kawaida, na aina zinazoihimili zimeshaonekana Asia na Ulaya. Zikifika huku nani atazigundua kama hakuna anayejua kuwasha mshumaa kwenye mtungi?

Pangusa karibu imetoweka kliniki zetu, dawa za dozi moja na mipira vimefanya kazi. Lakini ducreyi hakufa: miaka ya 2010 amekutwa kwenye vidonda vya miguu vya watoto visiwa vya Pasifiki, watoto ambao hawajawahi kujua ngono, vidonda vilivyokuwa vinadhaniwa ni buba. Aliyemtambua ni mtu aliyepima badala ya kukisia. Mada yako ya utafiti hiyo, kama unaitaka: vidonda vya watoto vijijini kwetu, nani amewahi kuvipima?

Chuo Mwaka wa Pili

Naichukua. Naweza kukutumia pendekezo ulipitie?

Mzee wa Agari

Tuma PM. Na wale mnaonitumia picha za vidonda vyenu PM, naomba sana, kliniki zipo, nendeni.